Msimwite Anna German malaika

Nyumbani kwa mjomba wangu, Tanga, juu ya kabati la vyombo, kuna santuri ambayo haijalia tangu gramafoni yake ilipokatika mkanda. Jalada limeliwa na mende pembeni. Mbele kuna picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, rangi yake kama singa za mkonge zilizoanikwa juani, na juu ya picha kuna herufi za Kirusi ambazo utotoni nilidhani zimeandikwa kinyume. Mjomba alirudi nayo kutoka Tashkent, huko Uzbekistan, alikosomea upimaji wa ardhi kwa miaka sita, kuanzia 1976 hadi 1982. Alirudi na koti zito ambalo Tanga halina kazi, sanduku la vitabu vya hesabu, na Anna German, yule mwimbaji wa Poland wa kwenye jalada.

"Huyu mama, mjomba, aliimba kama malaika," alikuwa akiniambia huku akipangusa vumbi kwa kanga ya shangazi. Nami nikakua na neno hilo. Nilipoanza kumtafuta mwenyewe mtandaoni nikalikuta kila mahali: malaika, malaika mweupe, sauti iliyoshuka kutoka mbinguni. Hata tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa mwaka 2012 juu ya maisha yake ililiweka kwenye jina lake.

Neno hilo sasa linaniuma, na ndiyo sababu ya makala haya. Ukishamwita mtu malaika umemaliza habari yake. Sauti ilishuka tu, basi, hakuna wa kuulizwa. Hatuulizwi sisi wasikilizaji kama tumeiona kazi aliyoifanya kwa mikono na mapafu yake, na hawaulizwi waliomfanya yatima walichofanya.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1936, Urgench, mji wa mashamba ya pamba huko Uzbekistan, wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Hakuwa Mzbeki, wala Mrusi, wala, kwa damu, Mpolandi, ingawa Poland ndiyo ilikuja kuwa nchi yake. Mama yake, Irma Martens, alikuwa mwalimu. Alitoka katika jamii ya Wamennonite, Wakristo wenye asili ya Uholanzi waliohamia Urusi vizazi vingi kabla yake na kuendelea kuzungumza nyumbani Kijerumani chao cha pwani. (Msomaji wa Musoma au Shirati hahitaji kuelezwa Wamennonite ni nani, kanisa lao liko hapo mlangoni.) Baba, Eugen Hörmann, alikuwa mhasibu, mzaliwa wa Łódź, wa familia ya Kijerumani. Kirusi hakina herufi ya kulitamka jina hilo vizuri, kwa hiyo likaandikwa kwa G, na liliporudi kwenye herufi za Kilatini likawa German. Kwa hiyo binti huyu alibeba maisha yake yote jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni Mjerumani, katika karne ambayo Ulaya nzima ilikuwa na sababu ya kulichukia.

Mwaka 1937 Stalin alikuwa katikati ya ukamataji wake mkubwa. Polisi wa siri, NKVD, walikuwa na amri maalumu ya kuwasaka Wajerumani waliomo nchini. Mhasibu mwenye jina la Kijerumani aliyezaliwa nje ya mipaka hakuhitaji kosa jingine. Walimchukua Septemba mwaka huo, Anna hajatimiza miaka miwili. Mwaka 1938 akapigwa risasi Tashkent.

Katika kesi za namna hiyo familia hazikuambiwa ukweli. Kauli iliyotolewa kwenye dirisha la ofisi ya polisi ilikuwa kwamba mtu wenu amepewa miaka kumi bila haki ya kuandikiana barua. Wake walihesabu miaka hiyo kumi. Waliweka nguo za mume sandukuni, waliwaambia watoto baba yuko safari. Nikifikiria kauli ile najiuliza ni karani gani aliketi akaitunga, kwa sababu ni kauli ya mtu anayejua kwamba marehemu haandiki.

Nyumba ya kina Anna ikabaki ya wanawake: bibi, mama na binti. Kaka mdogo, Friedrich, alifariki bado mtoto. Wakahama Uzbekistan, Kirgizia, Kazakhstan, kazi ya ualimu ya mama ikiwatangulia. Wakati wa vita mama aliolewa na mwanajeshi Mpolandi, ambaye alikwenda vitani na hakurudi. Lakini cheti cha ndoa ile ndicho kilichowafungulia mlango. Mwaka 1946 waliondoka kwenda Poland, wakakaa Nowa Ruda, kisha Wrocław. Nao mji huo wa Wrocław, hadi mwaka 1945 uliitwa Breslau na ulikuwa wa Wajerumani, ambao wakati huo walikuwa wakifukuzwa kwa maelfu na nyumba zao kupewa Wapolandi. Humo ndimo aliingia msichana anayeitwa German, anayezungumza Kirusi cha mitaani kama maji, na Kijerumani cha bibi yake chumbani. Alijifunza Kipolandi. Na alijifunza kunyamaza, nadhani, kabla hajajifunza kuimba.

Hapa watu huruka moja kwa moja kwenda jukwaani. Mimi napenda kukaa kidogo kwenye miamba. Anna German alisomea jiolojia Chuo Kikuu cha Wrocław na akaimaliza shahada yake. Muziki hakuusomea chuoni hata siku moja. Aliimba na kikundi cha wanafunzi, Kalambur, akazunguka miji midogo na vikundi vya burudani, na ili alipwe kama mwimbaji ilimbidi afanye mtihani mbele ya wakaguzi wa serikali, kama ilivyokuwa sheria ya Poland ya wakati ule. Mwaka 1964 alishinda tuzo kwenye tamasha la nyimbo la Opole kwa wimbo wa akina Eurydice wanaocheza, jina la mwanamke wa hadithi za Kigiriki, na mwaka huo huo akaonekana kwenye tamasha la Sopot. Wamoscow wakamsikia. Melodiya, kampuni pekee ya santuri ya dola ya Kisovieti, wakamwita kurekodi, na mhariri wao mmoja, Anna Kachalina, akawa rafiki yake wa kudumu na mtu wa kumtafutia nyimbo. Mwaka 1967 akawa mwimbaji wa kwanza kutoka Poland kusimama kwenye jukwaa la tamasha la nyimbo la Sanremo, Italia.

Kisha usiku wa tarehe 27 Agosti 1967. Alikuwa anatoka kuimba Forlì, gari linaelekea Milano, aliyekuwa akiendesha akasinzia. Anna alirushwa nje. Hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba mifupa yake ilivunjika sehemu 49. Alilala siku kadhaa hajitambui. Mama yake alisafiri kutoka Poland, na Zbigniew Tucholski naye, mhandisi aliyekuja kumuoa baadaye. Miezi mingi alikuwa ndani ya hogo lililomfunika karibu mwili mzima. Nimewahi kufungwa hogo la mkono mmoja kwa wiki sita nikiwa shuleni, na nakumbuka mwasho wa ndani usiofikika, na jinsi mwili unavyogeuka kitu cha kuzungushwa na watu wengine. Sithubutu kuzidisha hilo kwa mwili mzima na kwa mwimbaji, ambaye chombo chake cha kazi ni kifua kinachopanuka.

Miaka mitatu ilipita kabla hajarudi kwa wasikilizaji. Aliporudi mwaka 1970 alikuja na wimbo ambao muziki wake aliutunga mwenyewe, kwa maneno ya Alina Nowak. Jina lake kwa Kiswahili ningelitafsiri Majaliwa ya Mwanadamu. Poland nzima iliuimba. Mwaka uliofuata alirekodi nyimbo za opera ya Domenico Scarlatti, kazi ya karne ya 18 ambayo waimbaji waliosoma miaka kumi huingia nayo studio kwa hofu. Huyu ni mjiolojia, ametoka kujifunza upya kutembea. Mnaona kwa nini sitaki habari za kushuka kutoka mbinguni?

Sikilizeni wimbo wa Mwangwi wa Mapenzi, alioimba kwa ajili ya filamu ya mwaka 1977 ya Yevgeny Matveyev. Muziki ni wa Yevgeny Ptichkin, maneno ni ya Robert Rozhdestvensky. Anaingia bila kishindo, karibu kama mtu anayeendeleza maongezi yaliyoanza chumba cha pili. Sauti iko juu, imenyooka, haitetemeshwi kwa madoido. Neno likifika mwisho halikazi, analiacha liende lenyewe, na linapokwenda unasikia pumzi inaingia kwa ajili ya mstari unaofuata. Kwenye kiitikio, mahali ambapo mwimbaji yeyote angepandisha sauti ili ukumbi upige makofi, yeye anapanua tu, kama mtu anayefungua dirisha la mbao pande zote mbili. Wanasimulia kwamba wapigaji wa okestra walilia siku ya kurekodi, na kwamba kilichobaki kwenye filamu ni jaribio la kwanza. Ukiusikia unaelewa kwa nini hadithi hiyo imedumu.

Kipindi hicho hicho mwimbaji wa Kisovieti Alla Pugacheva alikuwa ameshaibuka, tangu 1975, na alikuwa akigeuza kila wimbo mchezo wa kuigiza: anacheka, analia, anarusha mikono. Nampenda Pugacheva pia. Lakini Anna alisimama. Mwanamke wa sentimita 184, gauni hadi chini, mikono imetulia. Watu waliuona utulivu huo wakauita wa kimalaika. Tabia yake ilikuwa ya upole tangu awali, hilo sikatai. Lakini mwili uliounganishwa vipande vipande hauwezi kukimbia jukwaani, na kila dakika aliyosimama wima mbele ya kipaza sauti baada ya 1967 ilikuwa imelipiwa. Wakaona mbawa pale palipokuwa na mgongo.

Wimbo ambao Mjomba huupenda kuliko yote ni Nadezhda, yaani Tumaini, wa Aleksandra Pakhmutova na Nikolai Dobronravov. Unahusu watu walio mbali na nyumbani chini ya nyota wasiyoijua, na tumaini linaitwa dira. Mjomba anasema walipokwenda mafunzo ya vitendo milimani, darasa lao la wapimaji waliuimba usiku kando ya moto, Wazbeki, Warusi, Myemeni mmoja na yeye, dira zao halisi zikiwa mifukoni. Waimbaji wengine nao waliuimba wimbo huo. Ulikaa kwa Anna, na mimi nadhani ni kwa sababu mjiolojia anajua dira ni kitu cha chuma chenye uzito mkononi, na kwa sababu nyumbani kwake mwenyewe, ukimuuliza ni wapi, asingeweza kukujibu kwa neno moja.

Mtunzi Vladimir Shainsky naye akampa wimbo wa bustani zilizochanua, wa mapenzi yaliyopita bila kusemwa. Alipouimba kwenye tamasha la Wimbo wa Mwaka 1977, ukumbi haukukubali ashuke. Lile lilikuwa tamasha la televisheni, la kila mwaka, kila kitu kimepangwa, na Wasovieti walikuwa watu wa kukaa kwa adabu. Walipiga makofi hadi akaurudia.

Lakini Poland ilikuwa na kinyongo. Nakielewa kinyongo hicho. Moscow ilikuwa imekalia nchi ile tangu mwisho wa vita, na Mpolandi aliyekuwa akifungua redio na kusikia mtu wao anaimba Kirusi kwa ufasaha ule alihisi kuna kitu kinauzwa. Wakasema amekuwa wa Warusi. Wakasema mtindo wake umepitwa na wakati. Ninachowalaumu ni kutouliza. Kirusi kwake hakikuwa lugha ya Kremlin. Kilikuwa lugha ya uani alipochezea akiwa mtoto, na aliporudi kuimba Moscow alikuwa anarudi kwa watu waliozungumza lugha ambayo pengine ndiyo aliitwa jina kwayo mara ya kwanza, baba yake akiwa bado hai.

Na wale waliompigia makofi? Wengi hawakujua. Wachache waliojua walikaa kimya, kwa sababu mafaili yalikuwa yamefungwa na midomo pia. Dola iliyomuua baba ilichapa santuri za binti kwa wingi, ikampa studio bora na okestra nzima, na haikumwambia jambo lolote hadharani. Naye hakusema. Mtu mwenye jina la Kijerumani, baba aliyeuawa kama adui wa umma, na mama wa kulinda, asingeweza kusema akabaki jukwaani, si Moscow wala Warszawa. Ninaposikia watu wanasifu "huzuni tamu" ya sauti yake nataka kuwashika mkono niwaambie kwamba huzuni hiyo ilikuwa na anwani.

Mwaka juzi nilimpelekea Mjomba habari hizi. Alikuwa amekaa barazani na redio yake ndogo. Nikamweleza kuhusu mhasibu wa Urgench, kisha nikataja mji alikopigwa risasi.

"Tashkent ipi?" akauliza.

"Tashkent yako, mjomba."

Akazima redio. Alikaa miaka sita mle. Santuri ile aliinunua mle, duka la Melodiya, kwa posho ya mwanafunzi. Akasema wazee wa mtaa waliwaalika kila Ijumaa kula palov, ambayo ni pilau yao, ina karoti nyingi na nyama ya kondoo, na waliwasimulia mambo ya vita, ya tetemeko la ardhi la 1966, ya jinsi mji ulivyobomoka ukajengwa upya. "Hilo hawakulitaja kabisa," akasema. "Na sisi tulikuwa tunauimba wimbo wake mbele yao."

Miaka ya mwisho ya Anna niiseme kwa ufupi, maana wengine hupenda mno kuikalia. Aliolewa na Zbigniew mwaka 1972, wakapata mtoto wa kiume mwaka 1975, akiwa na karibu miaka arobaini na mwili ambao madaktari waliuhofia. Kisha saratani. Mwaka 1980 mguu ulimshika akiwa anaimba Moscow, na bado mwaka huo alikwenda Australia kuimba. Mei 1982 alibatizwa katika Kanisa la Waadventista wa Sabato. Nyumbani, akiwa hawezi tena kwenda studio, alitunga muziki wa Sala ya Bwana, wa zaburi, na wa ile sura ya Wakorintho kuhusu upendo, akaurekodi kwenye kanda. Alifariki Agosti 1982, Warszawa, akiwa na umri wa miaka 46. Kuna sayari ndogo yenye jina lake, namba 2519, aliyoigundua mwanamke mwanaastronomia wa Kisovieti, Tamara Smirnova, mwaka 1975. Kwenye jiwe la kaburi lake kuna maneno ya Zaburi ya 23, Bwana ndiye mchungaji wangu.

Hata mwishoni kabisa, tazameni, alikuwa kazini. Anatunga. Anarekodi.

Siku ile barazani, baada ya kimya kirefu, Mjomba aliniomba nimteremshie santuri kutoka juu ya kabati. Aliigeuza akaisoma nyuma, majina ya nyimbo, ya watunzi, ya kiongozi wa okestra, bei yake kwa ruble. Kisha akamwita mjukuu amletee kalamu ya wino. Chini ya jina la Anna palikuwa na nafasi tupu ya upana wa vidole viwili. Akaandika pale polepole, kwa herufi za Kirusi ambazo mkono wake haujazisahau: Eugen Hörmann, mhasibu, Tashkent, 1938. Akapuliza wino ukauke, akanirudishia niiweke mahali pake.